Krismasi njema wasomaji wetu, na kurasa 16 ambazo bado tunadaiwa

Wazee wetu shikamooni, kaka na dada zetu habari za siku, Krismasi njema na heri ya mwaka mpya, na nyie ndugu zetu Waislamu ambao kila tarehe 25 jirani anawaletea sahani ya pilau, heri ya mapumziko jamani. Sisi ni walewale watu watatu tunaochapisha vitabu vya upelelezi kwenye kachumba ka Kinondoni kalikojaa maboksi ya vitabu mpaka mlango haufunguki wote, na tunawasalimu kwa moyo wetu wote.

Naandika hizi salamu usiku, kesho alfajiri nipo stendi ya Magufuli pale Mbezi Luis napanda basi la Moshi kama Wachaga wengine wote wa Dar, na begi langu lina nguo mbili tatu tu maana nafasi yote imechukuliwa na vitabu. Nakala 40. Kuna wajomba, kuna mashangazi, kuna mwalimu wa sekondari anataka 10 za darasa lake, na kuna bibi yangu ambaye macho hayaoni tena vizuri ila kila Krismasi mjukuu mmoja anawekwa kwenye kigoda karibu na moto anamsomea, na akiruka mstari bibi anajua, anamwambia rudi hapo nyuma huyo mtu alikuwa amevaa koti.

Mimi mwenyewe hii kazi niliipatia huko huko nyumbani. Nikiwa darasa la sita nilikuta kabatini kwa baba mdogo kitabu kimojawapo cha Bwana Msa, yule mpelelezi wa kiko wa marehemu Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar, nikakisoma kwa koroboi siku mbili mfululizo, kufika mwishoni kurasa hakuna, zimechanwa, pengine mtu aliwashia moto. Nilikaa na lile swali miaka na miaka mpaka siku nimeajiriwa Dar napita Posta, mtaa wa Samora, nakiona kimelala chini kwenye vitabu vya mitumba, nikakinunua nikasoma kurasa za mwisho nimesimama palepale juani. Mtajua basi kwanini kilichotokea Agosti kiliniuma vile.

Mwaka huu tumetoa vitabu vitatu. Cha kwanza mauaji ya mfanyabiashara wa samaki pale soko la Feri, kimeuzika vizuri kuliko tulivyotegemea, tumekichapa mara ya pili. Cha pili mkusanyiko wa hadithi fupi, umekwenda polepole, watu wa upelelezi wanapenda kitabu kirefu, tumeelewa. Cha tatu ndo kile cha treni ya Tabora.

Kwa asiyejua, kitabu hakichapwi ukurasa mmoja mmoja, kinachapwa kwenye karatasi kubwa, ikikunjwa inatoa fungu la kurasa 16, halafu mafungu yanapangwa kwa zamu yanatiwa gundi na kava juu. Kitabu chetu kina kurasa 208, yaani mafungu 13. Huko kiwandani kwenye kupanga, fungu la 12 likasahaulika katika sehemu ya mzigo na sisi tukapokea maboksi tukakagua nakala tano za juu, zote nzima, tukaanza kuuza. Jumapili usiku simu inalia, dada mmoja nesi yuko zamu ya usiku wodini, ananiambia kaka, ukurasa wa 176 mpelelezi ameingia sebuleni amewaambia wote wakae chini, nafunua naona 193 watu wako makaburini wanamzika mtu, sasa nani amemuua nani?

Sikulala. Asubuhi tulifungua boksi moja moja, na kwa hesabu yetu nakala 140 mbovu zilikuwa zimeshafika mikononi mwa watu. Kiwandani walibishana na sisi wiki mbili nzima, mwisho tukaona wasomaji wasisubiri ugomvi usiowahusu, tukalipia wenyewe zile kurasa zichapwe upya. Kazi kubwa ikawa kuwatafuta wanunuzi. Tulirudi kwenye meseji za M-Pesa, jina na namba, tukapiga simu 140 zote kasoro waliolipa keshi, tukafungasha kurasa kwenye bahasha, za Dar tukampa bodaboda, za mikoani tukapeleka stendi kama vifurushi. Na hapa ndo nataka kusema asante, maana hakuna hata mmoja aliyetutukana. Baba mmoja wa Songea aliambiwa arudishiwe hela yake, akasema hela kaeni nayo, mimi leteni ukurasa wa 177. Mama mmoja alitupigia picha kitabu chake, amezishona zile kurasa kwa uzi mwekundu wa cherehani, mshono umenyooka kuliko wa kiwandani, ile picha tumeibandika ukutani juu ya meza ya mhariri.

Jambo lingine kubwa la mwaka huu ni mzee wetu mmoja, mpelelezi mstaafu wa polisi, ambaye sasa anasoma kila muswada kabla haujaenda kuchapwa. Kiukweli tulikuwa tunakosea sana. Waandishi wetu wengi ni vijana, wamekulia kwenye muvi za Marekani, unakuta mshitakiwa wa mauaji sura ya tano yuko nje kwa dhamana anakunywa soda baa. Mzee akaweka kalamu chini akasema kijana, mauaji hayana dhamana Tanzania hii, huyu yuko mahabusu, na akipandishwa Kisutu haulizwi kitu maana mahakama ile haina mamlaka ya kusikiliza kesi ya mauaji, hiyo ni ya Mahakama Kuu. Mwandishi alitaka kulia, sura mbili nzima zimekufa. Lakini alivyorudi mezani akaandika upya, mtu wake yuko ndani, habari za nje anazipata kwa mke wake anayemletea chakula, ile riwaya ikawa nzuri mara mbili. Tangu hapo majeruhi wa kwenye vitabu vyetu anachukuliwa PF3, ile fomu ya polisi ya majeruhi inayokwenda hospitali, mlalamikaji anatoka kituoni na RB yake mkononi, yaani namba ya taarifa yake polisi, na vinasaba vinapelekwa kwa Mkemia Mkuu wa Serikali na watu wanasubiri majibu kama kila mtu anavyosubiri. Huko kusubiri ndo kuna hadithi, mtu anayengoja majibu anafanya mambo ya ajabu.

Nisipite bila kusema la pidief. Kitabu cha Feri kilipigwa picha ukurasa kwa ukurasa kikasambazwa kwenye magrupu ya wasap ndani ya mwezi wa kwanza tangu kitoke. Inauma, kwa sababu yule mwandishi ni fundi cherehani mwenye watoto watatu na kila nakala ikiuzwa ana fungu lake. Ukitumiwa, tafadhali isiishie kwako kimya, mwambie aliyekutumia kitabu kipo na ni elfu 12 tu. Ila na sisi tumejifunza, watu wanasoma kwenye simu, wamezoea hadithi za sehemu ya kwanza sehemu ya pili, kwahiyo mwakani tutakuwa tunawatumia wenyewe riwaya moja kwa simu, sehemu mbili kwa wiki kwa bei ya vocha, na ikiisha inatoka kitabu kamili.

Mwakani Mungu akijalia tunatoa vitabu vinne. Kimoja kinatokea Tanga kwenye mashamba ya mkonge na mpelelezi ni mwanamke, karani wa mahakama ya mwanzo, ambaye hakuna anayemhesabu kwenye chumba na ndo maana anasikia yote, mimi nampenda sana huyu mama na nyie mtampenda. Kingine ni cha Mwanza, ziwani, bado kiko kwa mzee wetu anakikwaruza kwa kalamu nyekundu. Tunataka pia kuanza vitabu vya kusikiliza, ombi lililetwa na mama mmoja wa Kizanzibari anaishi Muscat, anasema macho yamechoka ila Kiswahili cha kwao anakitamani kila jioni, nikamkumbuka bibi na kigoda chake. Sauti ya kwanza tunarekodi Februari.

Haya, basi langu linaondoka saa 11 alfajiri na mimi bado sijafunga begi. Safirini salama, madereva wasikimbizane, mkifika salimieni wazee.

Na wale waliolipa keshi, tumeshawapata wote isipokuwa tisa. Kama ulinunua kitabu cha treni kule Samora mwezi wa nane na chako kinatoka 176 kinaenda 193, tutumie meseji hata usiku wa mkesha, bahasha tisa ziko mezani zimebandikwa stempu, zimebaki majina tu.