Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama wa Chama cha Wavuvi, Mikindani

Wazee wetu, mama zetu, vijana wa chombo, ndugu wanachama,

Asalaam aleykum. Mapato na matumizi atayasoma mweka hazina. Mimi nakiri tu kwamba mashine ya boti la chama imelala nchi kavu tangu kusi ilipoanza, na fundi aliyechukua malipo ya awali hapokei simu. Tutalizungumza kwenye mengineyo.

Ninalotaka kulieleza kwa kirefu ni kazi ya alama, yaani vitu vya nchi kavu ambavyo mvuvi akivipanga kwa macho hujua mwamba uko wapi chini ya maji. Mkutano uliopita tulikubaliana vijana wawili wakae na manahodha wastaafu, waandike majina ya miamba na namna ya kuifikia. Nilidhani ni kazi ya wiki mbili. Imekula mwaka, maana mzee wa pwani haelezi mwamba akiwa barazani. Anataka apelekwe majini. Asubuhi moja ya maji mafu, bahari inapojaa na kupwa kidogo tu, tulitoka na mmoja wao. Macho yake yamefifia, hivyo kijana ndiye aliyekuwa akimtazamia.

"Boma limeuacha mnazi?"

"Bado, babu."

"Piga kasia."

"Sasa limeuacha."

"Tia nanga."

Mshipi ulishuka, na kabla sijamaliza kufunga kamba ya nanga, samaki changu alikuwa anapigapiga mkia ndani ya ngalawa.

Wageni huja kulipiga picha Boma kwa kuwa Wajerumani walilijenga 1895. Sisi tunalipendea weupe wake na kukaa kwake mlimani: ukiwa majini unaliona. Shida ni alama ya pili, mbuyu wa upande wa pili wa ghuba, uliokatwa mwaka huu kupisha jengo. Tumeandika barua, haijajibiwa. Mwamba wa chewa uliopimwa kwa mbuyu ule upo palepale chini. Sisi ndio tunaozunguka juu yake tukipapasa. Msinijibu habari za ramani ya simu. Simu ya kijana wetu ilianguka majini siku ileile.

Vijana waliuliza pia kwa nini mji wenye nyumba za mawe na milango ya nakshi umebaki kijiji. Zamani majahazi yaliingia humu kufanya biashara na kungoja upepo. Baada ya Vita Kuu ya Pili Waingereza walileta mpango wa karanga, wakajenga bandari ya kina kirefu Mtwara na reli ya kuelekea Nachingwea. Karanga zilishindwa, bandari ikabaki kule. Wengine hulisikitikia jambo hili. Mimi silii: meli kubwa zingeingia humu, dau lingetia nanga wapi?

Kuhusu mikoko, kumbukeni kwamba Machi 1866 mmisionari Livingstone alitaka kushusha ngamia wake mdomoni mwa mto Ruvuma. Mikoko ilimzuia, ndipo akaja kushukia hapa kwetu. Yeye anakumbukwa mjini, mikoko haina anayeitaja. Na humu ghubani tumeikata wenyewe, kwa boriti, kwa kuni na kupisha mashamba ya chumvi. Kina mama wanaotanda uduvi ndio wa kwanza kuona hasara. Miche tuliyopanda mwaka huu mingi imekufa, na kosa ni langu: nilihimiza tupande mkoko wenyewe penye mchangamchanga, panapofaa aina nyingine, mchu. Bibi mmoja alinionya, nikamwambia tuna haraka. Safari ijayo yeye ndiye atakayesimamia.

Kuhusu uvuvi wa baruti sina maneno mapya. Anayelipua mwamba analipua jina lililomo kwenye daftari letu. Kamati itapeleka taarifa mbele, awe mtoto wa nani.

Daftari la alama liko kwangu, atakaye aje anakili kwa mkono. Mwenye nahodha mzee nyumbani atujulishe mapema, kabla bahari haijabadilika. Yule wa ngalawa amebakiza mwamba mmoja. Anasema hautaji mpaka mashine ya boti itengenezwe.

Mwenyekiti