Barua ya wazi kwa Waziri wa Mazingira: pimeni tope, si maji

Mheshimiwa Waziri,

Juzi mitambo ya kuongeza kina cha bandari imeanza kuchota tope na kwenda kulimwaga nje ya ghuba. Uliahidi tope lingepimwa kabla halijaguswa. Halijapimwa. Tunachojibiwa ni kwamba maji ni safi.

Maji yatakuwa safi, Mheshimiwa, kwa sababu sumu tunazozihofia hazikai majini. PCB, kemikali za viwandani zilizotiwa kwenye mafuta ya transfoma za zamani, haziyeyuki kirahisi majini. Hung'ang'ania chembe laini za tope na kuzama nazo. Tributiltini, sumu iliyotiwa kwenye rangi za meli ili viumbe wa baharini wasigande, imepigwa marufuku kimataifa tangu 2008, lakini magamba ya rangi yaliyokwanguliwa kwenye chelezo bado yamelala pale pale, na ndani ya tope lisilo na hewa huweza kudumu miongo.

Lile tope jeusi linalonuka yai bovu ndilo la kuogopa zaidi. Harufu ile ni ya salfaidi, nayo ndiyo iliyofunga risasi, kadimiamu na zinki. Likikorogwa likapata oksijeni, kifungo kinaachia. PCB nazo hupanda: mnyoo anakula tope, kaa anamla mnyoo, samaki anamla kaa, na kila hatua zinazidi kurundikana kwenye mafuta ya mwili.

Kupima kwenyewe kunajulikana. Bomba lizamishwe wima, tope likatwe vipande vya sentimita 5 hadi 10, maana kuchota juu juu kunaonyesha uchafu wa jana tu. Wa miaka 40 nyuma umefukiwa. Sampuli za PCB ziwekwe kwenye chupa za kioo, zigandishwe. Ipimwe pia kaboni itokanayo na viumbe na kiasi cha chembe laini, zilizo chini ya maikromita 63, la sivyo sampuli yenye mchanga mwingi itaitwa safi bure, kwa kuwa mchanga hushika sumu kidogo tu.

Minamata, Japani, ugonjwa wa zebaki ulitambuliwa rasmi 1956. Kazi ya kuchimba na kufukia tope lake ilikamilika 1990. Miaka 34, Mheshimiwa!

Ombi letu ni moja: simamisha uchimbaji hadi majibu ya tope yatoke, na yabandikwe hadharani kwa kila kituo kilichochukuliwa sampuli. Usimamishe leo, kabla shehena nyingine haijamwagwa.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Wapimaji wa mashapo ya pwani