Kisu cha Kuchunia

Langoni, Lamu

Kwa ndugu yangu Bakari,

Salamu nyingi zikufikie huko Tabora, wewe na wa nyumbani kwako. Sisi huku ni wazima, alhamdulillahi, na kusi limeshaanza kuvuma. Ama baada ya salamu, barua yako imefika. Umeuliza kwa nini visu vya wawindaji wako vinakufa makali kabla nyati mmoja hajaisha kuchunwa, na kama mhunzi wa huko anaweza kufua kisu cha kufaa. Anaweza, tena vizuri. Huku kwetu Kenya uwindaji ulipigwa marufuku tangu 1977, kwa hiyo visu vyetu vinachuna mbuzi, kondoo na ng'ombe, lakini kazi ya kisu ni ile ile.

Mwambie kwanza asifue kisu kirefu chenye ncha kali. Wateja wanakipenda kwa sababu kinatisha, lakini hicho ni cha kuchinjia. Cha kuchunia bapa lake liwe sentimita 9 hadi 11, mgongo milimita 3 karibu na mpini na uzidi kuwa mwembamba kuelekea nchani. Makali yaanze yamenyooka kidogo, kisha yapinde kwa duara pana mpaka mwisho. Ule mpindo ndio unaokata utando mweupe kati ya ngozi na nyama; makali yaliyonyooka yanagusa kwa ncha tu, na ncha inatoboa ngozi. Ncha yenyewe ishuke chini ya usawa wa mgongo na isiwe kali sana. Ukipasua tumbo kwa ncha iliyoinuka, matumbo yanatoboka na nyama inachafuka. Wapo watakaomwomba atie ndoano mgongoni ya kupasulia tumbo. Akatae. Ndoano inazibwa na nywele na mafuta, na kuinoa ni taabu. Kama wanachuna kichwa cha mnyama kwa ajili ya kumbukumbu, kuzunguka macho na midomo, hapo wanahitaji kisu cha pili kidogo, bapa la sentimita 6.

Kwa chuma, pua ya springi ya gari inatosha kabisa. Asikate kipande karibu na tundu la bolti la katikati, maana hapo ndipo springi iliyochoka inapoweka nyufa zisizoonekana mpaka kisu kiwe kimezimwa, yaani kimetumbukizwa cha moto ndani ya mafuta ili kiwe kigumu. Tupa kuukuu nayo inatoa makali ya kudumu zaidi, ila ni lazima asage meno yote mpaka mashimo yake yaishe, kwa kuwa ufa huanzia humo. Na kuna tupa za bei rahisi ambazo ni ngumu juu tu, ndani laini. Avunje kipande kidogo, akipashe moto, akizime, kisha akijaribu kwa tupa nzima kabla hajapoteza siku yake.

Sasa moto, na hapa naomba asome pole pole, kwa kuwa visu vingi huharibikia hapa.

Afue chuma kikiwa chekundu kinachoelekea rangi ya chungwa. Kikififia akirudishe motoni, kwani kukigonga kimepoa ni kukipasua. Kikianza kutoa cheche nyeupe kimeungua, hakirudi tena. Akimaliza kufua, akipashe mpaka sumaku isikishike, akiache kipoe hewani mahali pasipo upepo, na arudie mara 3. Bila hivyo kisu kinapinda siku ya kuzimwa. Kisha apige tupa kupata umbo, lakini makali ayaache na unene wa milimita 1. Makali membamba kabla ya kuzima yanajikunja au yanapasuka.

Kuzima ni kwa mafuta, si kwa maji. Maji yanapoza springi haraka mno, na utasikia "ta!", basi kisu kimekwisha. Mafuta ya kupikia lita 2 au 3, yapashwe joto mpaka nyuzi 50 au 60, kwani mafuta baridi ni mazito na hayapozi upesi. Asubiri tena mpaka sumaku iache kushika, aongeze moto kidogo tu, kisha akitumbukize ncha kwanza, wima, akisogeze mbele na nyuma. Asikitikise kushoto na kulia, kitapinda. Kikipoa, ajaribu tupa kwenye makali: ikiteleza, chuma kimekuwa kigumu. Ikiuma, asikate tamaa upesi. Juu huwa na ngozi laini iliyounguzwa na moto. Aiondoe kwanza kwa kupitisha tupa mara moja au mbili, ajaribu tena.

Asilale bila kutia moto wa pili, kwani kisu kilichozimwa tu ni kigumu mno na kinaweza kupasuka chenyewe usiku. Mwenye oveni atumie nyuzi 200, saa 1, mara 2. Asiye nayo apashe mchanga kwenye sufuria, asugue bapa kwa msasa ling'ae, alilaze mgongo chini ndani ya mchanga na aangalie rangi. Itaanza manjano hafifu mgongoni, ipande taratibu kuelekea makali huku nyuma yake ikija kahawia, zambarau, kisha buluu. Manjano ya majani makavu ikifika kwenye makali, atoe mara moja na kukipoza. Mgongo ukiwa buluu ni vizuri, hautavunjika. Makali yakiwa buluu yameshalainika, na itabidi azime upya.

Mpini uwe wa umbo la yai, usiwe wa mviringo, ili mkono wenye mafuta na damu ujue makali yako wapi bila kutazama. Kwa mti, nyinyi mna mninga, na sioni sababu ya kutafuta mwingine. Haufuri sana ukilowa wala haupindi. Mpingo ni mzuri wa macho lakini mzito. Gundi ijae sawasawa chini ya mpini, damu ikiingia humo chuma kinaoza ndani kwa ndani.

Na sasa swali lako lenyewe. Nyati anagaagaa kwenye matope, na tope lililokauka ni mchanga mtupu. Anayekata kutoka nje anasaga makali kwenye mchanga na nywele. Watoboe tundu dogo, waingize kisu chini ya ngozi makali yakitazama juu, wapasue kutoka ndani kwenda nje. Panapowezekana wavute na kusukuma kwa ngumi, kisu kiguse utando tu. Kinolewe kwa pembe ya nyuzi 20 kila upande, kisha kipitishwe kwenye mkanda wa ngozi. Wakimaliza wakioshe, wakikaushe, wakipake mafuta ya nazi, na wasikihifadhi ndani ya ala ya ngozi. Ngozi inashika unyevu na kutu inaanzia hapo.

Ndani ya bahasha nimetia kipande cha boksi nilichokikata kwa umbo na kipimo kamili. Fundi akilaze juu ya springi na kuchora. Akikwama kwenye moto, niandikie amefikia rangi gani.

Wasalaam,
Nduguyo, Athmani