Mkandarasi mkuu asijifiche nyuma ya wakandarasi wadogo

Mhariri,

Ajali inapotokea kwenye saiti ya ujenzi, utetezi wa kwanza huwa ni uleule: aliyeumia si kibarua wetu, ni wa mkandarasi mdogo. Utetezi huo unaweza kuwa kweli kwa mujibu wa daftari la mishahara, lakini haumwondolei mkandarasi mkuu wajibu wake. Mkataba Na. 167 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1988, unaeleza kwamba pale waajiri wawili au zaidi wanapofanya kazi kwa wakati mmoja kwenye saiti moja, mkandarasi mkuu, au yeyote mwenye mamlaka halisi juu ya saiti hiyo, ndiye anayeratibu hatua za usalama na, kadiri sheria za nchi zinavyoruhusu, kuhakikisha zinafuatwa, huku kila mwajiri akiendelea kuwajibika kwa watu wake.

Uratibu huo haumalizwi kwa kutia saini makaratasi. Fundi umeme anaondoa kizuizi cha ukingoni mwa jukwaa ili apitishe nyaya, anamaliza kazi na kwenda zake. Kesho yake asubuhi fundi wa plasta anapanda jukwaa lilelile, anarudi nyuma hatua moja autazame ukuta wake, na nyuma yake hamna kitu. Kila mwajiri atasema watu wake walikuwa wakifanya kazi waliyopewa, na pengine ni kweli. Aliyepaswa kujua kwamba kizuizi kimetolewa, na kuzuia jukwaa lisipandwe hadi likaguliwe na mtu mwenye ujuzi, ni yule aliyewakutanisha mafundi hao wawili. Hali ni hiyohiyo kwenye mitaro, ambako kikosi kimoja huchimba na kurundika udongo ukingoni, kisha kingine kikashuka kulaza mabomba. Mita moja ya ujazo ya udongo huwa na uzito unaozidi tani moja, na aliyefukiwa hadi kifuani anaweza kukosa pumzi ingawa kichwa chake kiko nje.

Kofia ngumu na buti ni lazima, na Mkataba huohuo unataka vifaa vya kujikinga vitolewe bila mfanyakazi kutozwa chochote. Ila kwenye saiti nyingi vimegeuka pambo la siku ya mkaguzi.

Kiini cha tatizo, kwa maoni yangu, ni bei. Mkandarasi mkuu hushusha bei ili ashinde zabuni, kisha humbana mkandarasi mdogo, naye hupunguza mbao za kukinga kuta za mtaro na muda wa kukagua jukwaa. Ndiyo maana napendekeza gharama za usalama ziwe kifungu cha peke yake katika zabuni, kisichoshindaniwa, na kilipwe tu baada ya hatua zenyewe kuonekana saiti. Aidha, msimamizi wa usalama apewe kwa maandishi mamlaka ya kusimamisha kazi, bila kwanza kumwomba ruhusa meneja anayekimbizana na tarehe ya kukabidhi jengo.

Wako,
Msimamizi wa ujenzi