Esther naye ni sehemu ya historia ya jumba lile

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nijazie pengo katika makala mliyoichapa juu ya jumba la makumbusho lililomo ndani ya Bustani ya Mimea ya Missouri, mjini St. Louis, Marekani. Mwandishi amelieleza jengo kwa ustadi, akamtaja msanifu George Barnett na tajiri Henry Shaw aliyeligharimia, akamalizia na ukarabati uliowezesha jumba kufunguliwa upya mwaka 2018 baada ya kufungwa kwa miaka mingi. Nilipofika mwisho nilirudi mwanzo kutafuta jina moja, nisilione.

Kabla ya jina hilo, kuna jambo dogo la kusahihisha. Makala inasema jumba hilo la mwaka 1859 liliigwa kutoka Kew, bustani ya mimea ya Uingereza, kwa sababu ya uzuri. Ni kweli kwamba mfano wake ulikuwa jumba la makumbusho la Kew lililosanifiwa na Decimus Burton, lakini uzuri haukuwa sababu kuu. Shaw, mzaliwa wa Sheffield aliyehamia St. Louis mwaka 1819 na kutajirika kwa biashara ya vyombo vya chuma, alipata wazo la bustani alipozuru Chatsworth, jumba la kifahari lenye bustani kubwa huko Uingereza, mwaka 1851, na huenda angeridhika na mahali pazuri pa watu kupunga upepo. Waliomwelekeza kwenye elimu ni William Hooker, mkurugenzi wa Kew, aliyemshauri asiiache bustani bila maktaba na makumbusho, na George Engelmann, daktari Mjerumani wa mjini humo ambaye mapenzi yake kwa mimea hayakuwa madogo kuliko kazi yake ya kutibu wagonjwa. Mwaka 1857 Engelmann alimnunulia Shaw mkusanyo wa mimea iliyokaushwa wa marehemu Johann Bernhardi wa Ujerumani: vielelezo vipatavyo 60,000 kwa dola 600, yaani senti moja kwa kila kimoja (bei ya kutupa, kwa kweli). Mmea uliokaushwa na kubandikwa kwenye karatasi huharibiwa upesi na unyevu na wadudu, kwa hiyo shehena kama ile ilihitaji nyumba yake. Nyumba yenyewe ndiyo hiyo.

Sasa jina. Shaw alikuwa na watumwa. Usiku wa tarehe 21 Mei 1855, miaka minne tu kabla ya mwaka ulioandikwa katika makala yenu kwa fahari, kundi la watumwa lilivuka mto Mississippi kwa mashua likielekea Illinois, ambako utumwa ulikuwa umepigwa marufuku. Aliyewasaidia ni Mary Meachum, mwanamke Mweusi aliyekuwa huru, mjane wa mchungaji. Ng'ambo walikuta watu wenye silaha wanawasubiri. Miongoni mwa waliokamatwa alikuwemo Esther, mtumwa wa Shaw, aliyekuwa amevuka pamoja na watoto wake wawili. Shaw alimuuza Esther huko kusini, akatenganishwa na wanawe.

Sisemi kwamba Esther alibeba matofali ya jumba hilo, wala simnyimi Shaw sifa ya kuwafungulia watu wote bustani yake. Ninachosema ni kwamba mtu yule yule, katika miaka ile ile, aliandikiana na wataalamu wa Ulaya kuhusu namna ya kuhifadhi majani makavu yasipotee, na akamtenga mama na watoto wake kwa kumuuza. Mwandishi anayeeleza kwa kirefu jinsi tajiri huyo alivyotumia fedha zake hawezi kuuruka ukurasa huo akadai kwamba ameandika historia ya jengo. Bustani yenyewe siku hizi haiufichi, na sioni kwa nini gazeti letu lione haya kwa niaba yake.

Makala imesifu pia dari la jumba hilo, lililochorwa mimea pamoja na sura za wataalamu wa mimea Linnaeus, Asa Gray na Engelmann. Wote watatu wanastahili kuwepo pale juu. Lakini mkiichapa tena makala hiyo, nawaomba muongeze sentensi mbili tu, kabla ya ile ya mwaka 1859: moja ya usiku ule mtoni, na nyingine ya kumtaja Esther kwa jina.

Wako,
Msomaji wa siku nyingi