Barua kwa mwanangu: mbwa wa mwenye nyumba

Mwanangu Rehema,

Sisi hapa Njombe tu wazima, baridi tu na mguu wa mama yako. Picha uliyotuma ya mjukuu wangu Upendo akimkumbatia mbwa wa mwenye nyumba wenu nimeitazama mpaka simu ikaisha chaji. Mama yako amelipenda gauni. Mimi nimemtazama mbwa.

Umeandika, "Baba, ni mpole, hata akikumbatiwa anatulia." Hajatulia, mwanangu. Ameganda. Ikuze ile picha: kichwa amekigeuzia pembeni, masikio ameyalaza nyuma, anajilamba pua na chakula hana, weupe wa jicho umetokeza. Anaomba aachiwe, na mtoto wa miaka minne hawezi kujua kwamba anaombwa. Mkia nao usikudanganye. Ukisimama juu, mgumu, ukitikisika kidogo kidogo, hiyo si furaha.

Usimwache Upendo na mbwa huyo peke yao. Hata ukienda kuepua sufuria, nenda naye.

Unafundisha watoto wa watu sayansi huko Uyole, na kanisani hapa hakuna ambaye sijamwambia. Sasa inakuwaje unanijibu kwamba yupo na binti wa kazi? Binti mwenyewe bado mtoto. Wewe ulikuwa na miaka tisa siku ile mbwa wetu Tomi alipomng'ata mdogo wako, na fimbo ilikuangukia wewe kwa kuwa ndiye uliyeachiwa umwangalie. Miaka tisa si umri wa kulinda mtoto. Wiki hii nimeliwaza sana hilo.

Tena Tomi alionya. Mdogo wako alipokuwa akisogelea bakuli, mbwa alinguruma, nami kila aliponguruma nilimchapa, nikidhani namtia adabu. Akaacha kunguruma, nikamsifia kwa majirani. Kumbe hofu ilibaki palepale, nilichomwondolea ni sauti. Mbwa wa mwenye nyumba akinguruma, mwondoe mtoto, na mtu asimpige mbwa.

Upendo asimguse akila, akilala, akinyonyesha, wala akiwa kwenye mnyororo. Mbwa aliyefungwa hana pa kukimbilia. Mfundishe uani kama mchezo: mbwa akimjia, asimame kama mti, mikono mwilini, macho chini, asikimbie wala asipige kelele. Akiangushwa, ajikunje kama jiwe, azibe masikio na shingo kwa mikono. Uso wake uko usawa wa mdomo wa mbwa, ndiyo maana watoto wadogo wengi hung'atwa usoni.

Mwombe mwenye nyumba akuonyeshe cheti cha chanjo ya kichaa cha mbwa. Hapa kwetu bwana mifugo huirudia kila mwaka. Usione haya kwa kuwa ninyi ni wapangaji. Na mtoto aking'atwa, hata akikwaruzwa tu, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha hospitali siku hiyohiyo, na sindano azimalize zote. Yasiwe mafuta ya taa kama tulivyofanya sisi. Kichaa hukaa mwilini wiki, hata miezi, na dalili zikishatokea hakuna tiba. Niliwaambia kidonda cha mdogo wako ni kidogo, lakini miezi ile nilikuwa naamka usiku kumsikiliza anavyopumua.

Ng'ombe amezaa, dume. Gunia la viazi nimemkabidhi kondakta wa basi la Jumamosi, uwahi stendi. Chini kuna maparachichi nimeyafunga kwenye gazeti, hayajaiva, yatenge na mengine. Mama yako anauliza lile blanketi zito ulilichukua au limepotelea hapa nyumbani.

Mwambie mkwe wangu agongomee kigeti mlango wa nyuma, mbao tatu zinatosha. Kama hana nafasi, nitakuja mwisho wa mwezi na bawaba na msumeno wangu. Mpaka nifike, usimwache Upendo na mbwa peke yao.

Baba yako