Obo inahitaji pumzi mbili

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi tuwakumbushe watunzi wa hapa Bagamoyo wanaoanza kuiandikia obo, ndugu wa zumari yetu ya pwani, kwamba tabu ya mpigaji wake si kuishiwa pumzi. Tundu kati ya ndimi mbili za tete analopulizia ni jembamba mno. Hewa hutoka kidogo tu, na inayobaki huchakaa kifuani. Kwa hiyo anahitaji nafasi mbili: ya kutoa hewa ile, kisha ya kuvuta nyingine. Mstari mrefu usio na kituo humtesa bure. Noti za chini kabisa, karibu na noti iitwayo "si bemoli" iliyo chini ya do ya kati, nazo hazikubali upole. Tafadhali msimwombe mnong'ono huko.

Tete hilo mpigaji hulichonga mwenyewe kwa kisu. Pamoja na kibomba kinacholishika huwa na urefu wa milimita 70 hadi 72 hivi; likikatwa zaidi, sauti hupanda. Hulowekwa majini dakika chache kabla ya kupigwa.

Mwili wa obo kwa kawaida ni mpingo, mti unaoota kwetu. Obo mpya ipigwe dakika 15 hivi kwa siku katika wiki za mwanzo. Ikitoka kwenye chumba cha kiyoyozi isipulizwe papo hapo: ndani hupata joto na unyevu, hutanuka, nje bado baridi, mti ukapasuka. Ipasheni kwanza kwa viganja.

Wapenzi wa muziki,
Bagamoyo